Mahali pa Kukata

Alikileta ndani ya gunia la unga,
Mwalimu Kaltuma Rehan, kutoka Kibra,
akazipanda ngazi zangu za Barabara ya Kirinyaga
ambayo mafundi wa gereji huko chini bado huiita Grogani,
vibao vipya vimepata kutu, ndimi zao hazijabanduka.

"Fundi, mgongo umevunjika. Kigawe juzuu mbili.
Kata hapa." Kidole kikatua.
"Mwaka mia sita hamsini na sita. Baghdadi imeanguka.
Wanafunzi wangu waone wazi:
huku Enzi ya Dhahabu, huku Kuporomoka."

Mimi Kiarabu sisomi. Nasoma uzi.
Nikakilaza mezani, kikafunguka kwa kulia,
nikahesabu mafungu arobaini na moja,
kila fungu karatasi nane zilizokunjwa na kushonwa kati.
Nikamwambia, Mwalimu, aliyekishona
hakungoja mji uanguke ndipo afunge fundo.
Fungu hili linaendelea. Linaishia huku. Soma.

Akavaa miwani, akanifasiria polepole:
mwaka mia sita hamsini na tisa, Kairo,
mtu wa ukoo uleule, vumbi la safari miguuni,
ameketishwa, watu wanampa mkono wa utii,
na baada ya hapo akaamuru
Basi. Fungu limekwisha,
amri iko upande wa pili.

"Kata niliposema," akasema kwa sauti ya darasani.
Nikamwonyesha mkunjo.
Ukurasa wako wa moto una pacha ng'ambo ya uzi,
ni karatasi moja. Ukiung'oa huu,
yule hana wa kumshika.
"Na pacha anasema nini?"
Akarudi nyuma, akatafuta, akacheka peke yake:
kadhi analalamikia bei ya shayiri,
na mtu kamshtaki jirani kwa sababu ya mfereji.

Akaniachia nifikiri. Atakuja, alisema, usiku wa Ijumaa.
Ijumaa nikangoja hadi saa tatu,
bawabu akigonga mlango kwa funguo zake.
Kumbe alikuja Alhamisi, akakuta kufuli.
"Usiku hutangulia mchana, fundi.
Ijumaa huingia Alhamisi jua likizama."
Yangu huingia saa sita usiku, nikasema,
wakati hakuna aliye macho kuipokea.

Jumamosi hiyo hakuketi. Alisimama dirishani
akitazama watu wakipakua rejeta kwenye mkokoteni.
"Babu yangu alikuwa askari," akasema.
"Kitabu cha shule kinammaliza vita vinapokwisha.
Sentensi moja, kisha sura mpya.
Na yeye akaishi miaka arobaini zaidi,
akifuga bata. Alikuwa mkali sana juu ya bata wake."

Nilikuwa nimeshakishona.
Kizima, uzi wa kitani mara mbili,
mgongo mpana kama kiganja.
Kwenye mwaka wake nimetia utepe
usiofungwa chini.
Akakipima mikononi. "Kizito.
Watoto watakibeba wawili wawili."
Hakusema asante, wala hakusema nimekosea.
Akalipa nusu. Nusu nyingine, akasema, mwezi ukiandama.
Nikatazama kalenda ya duka la matairi ukutani,
nikaandika deni, nafasi ya tarehe
nikaiacha wazi.