Mapovu Juu ya Mazuku

Mimi mpika sabuni, Keshero, nyumba ya mbao juu ya mawe ya volkano.
Mawese, soda kali, maji: napikia kwenye pipa lililokatwa,
nakoroga hadi mwiko usimame wenyewe.
Sikuwahi kuuliza kwa nini inatakatisha.
Inatakatisha. Inauzwa. Basi.

Kavugho ndiye aliyerudi na maneno kutoka chuoni.
"Mama, kila chembe ya sabuni ina kichwa na mkia.
Kichwa hupenda maji, mkia hupenda mafuta.
Inasimama kati ya wasiopatana
imewashika wote wawili."
Nikamwambia: hiyo si sabuni, huyo ni mshenga.

Kisha akaitaja ile hewa.
Eti huibana ndani ya chuma
hadi iwe nzito karibu na maji, na ipenye kama moshi,
wala si maji, wala si moshi.
Hunyonya harufu ya maua, huivua kahawa ukali wake.
Lakini maji haiyataki. Chumvi, damu, jasho,
inavipita kama mdai amepita mlango aliokwisha lipwa.
Na mshenga wangu wa mawese haimtambui,
mkia wake haujui lugha ya huko.
Sharti aundwe mwingine, wa mkia unaopendwa na hewa,
akumbatie tone la maji, dogo lisiloonekana,
alivushe.

Niliendelea kukata vipande.

Hewa hiyo naijua.
Huku haingoji chuma. Hulala yenyewe mabondeni,
alfajiri, siku isiyo na upepo.
Ilimlaza Muhindo wangu akifuata mbuzi.
Miaka sita. Hakuwa na jeraha.
Mbuzi naye hakuwa nalo.

Jumapili, kabla ya misa, Kavugho akanishika mkono hadi kwenye lile shimo.
Tukasimama juu, panapopumulika.
Akachovya pete ya waya katika maji ya sabuni yangu,
akapuliza.

Mapovu yakashuka,
yakafika usawa wa kifua cha mtoto,
yakasimama.

Hapakuwa na kamba. Hapakuwa na mkono.
Yalitulia juu ya kitu nisichokiona,
yakavimba taratibu kana kwamba yanakunywa,
yakazama moja moja.

Kumbe ina uso, nikasema.

Kavugho alianza kunieleza kwa nini yanavimba.
Nikamnyang'anya waya,
nikapuliza mwenyewe.