Herufi Ishirini na Tano

Karwan aliilaza laptopu kifudifudi juu ya kaunta
kama mimi nimgeuzavyo mgonjwa kutafuta kidonda.
"Stika ipo," akasema, "ila imelika."
Mapaja ya Doreen ndiyo yaliyoila,
miaka minane ya blanketi na joto la feni,
mpaka alama moja ikabaki nusu:
B, au nane?

Nje mvua ya Rotherham ilinyesha bila haraka,
kama mtu anayelipwa kwa saa.

Nilimwosha Doreen miaka mitatu.
Alinifundisha kuwinda tiketi za treni za bei poa,
nami nikamfundisha neno "pole" na kazi zake zote.
Mwanawe alipofunga nyumba akanipa laptopu.
"Mama angependa," akasema, akiangalia zulia.
Na tangu hapo, kila nitokapo zamu ya usiku,
kioo huniamkia: Karibu tena, Doreen.
Sikukigusa. Nani humsahihisha marehemu?

Sasa bawaba zimekatika,
betri imevimba kama andazi.
Nimekopa mpya, nyepesi, tupu,
haina hata dirisha la kuchungulia.

"Leseni ziko mbili," Karwan akaniambia.
"Kuna inayozaliwa na mashine,
imefungwa kwenye ubao wake; ubao ukifa, nayo imekufa.
Na kuna ya boksi, iliyonunuliwa peke yake.
Hiyo huhama."
Nikacheka mpaka akaweka bisibisi chini.
Hakuuliza. Yeye mwenyewe aliingia nchi hii kwa lori,
mimi kwa barua ya mwajiri,
na barua yangu ilikuwa ya aina ya kwanza:
kampuni ya ulezi ilipofilisika, Novemba,
nilipewa siku sitini kutafuta ubao mwingine.

Kwenye mfuko wa laptopu, chini ya waya,
palikuwa na bahasha.
Doreen hakutupa risiti, hata ya sabuni.
Ya boksi.
Imelipwa taslimu.
Herufi na tarakimu zote ishirini na tano,
na ile B ilikuwa nane.

Karwan akaandika mstari mmoja, akabonyeza.
Kongwe ikaachia bila kelele.
Pembeni mwa kioo yakaota maandishi ya kijivu:
washa leseni yako.
Bado inafanya kazi, maskini,
ila sasa inadaiwa karatasi.

Mpya nayo haikuniamini. Ikatoa namba ya kupiga.
Sauti isiyo na mapafu ikataka nisome tarakimu,
mafungu tisa, sita sita,
nikazisoma nimesimama wima,
kwa Kiingereza changu cha ofisini,
kile kisicho na Pemba hata chembe.
Programu hii imewekwa kwenye kompyuta ngapi?
Moja.
Samahani, sijakusikia.
Moja, nikasema, moja, kama mtu anayeapa,
na ukweli huo ulikuwa na umri wa dakika kumi.

Ikakubali.
Sijazoea kukubaliwa siku ileile;
nikabaki na simu sikioni
mpaka Karwan akanisogezea chai.

Jina lako nani?
Kidole kikaenda kwenye D. Nikaifuta.
Siwatu. Nyanya alinipa kwa ajili ya majirani,
si watu, alisema, wale si watu,
na afisa wa uwanja wa ndege aliponiuliza maana
nilimwambia ni aina ya ua.

Nikamwandikia mwanawe Doreen mistari miwili:
leseni ya mama imehama salama.
Nikatia jina. Mashine ikalipigia mstari mwekundu,
ikapendekeza neno lao la jasho.
Nikatafuta palipoandikwa ongeza kwenye kamusi,
nikabofya, nikalipa pauni kumi,
nikakimbilia basi la saa tatu na robo:
kuna bwana Herringthorpe
anangoja kugeuzwa ubavu.