Funguo za Piroska

Piroska hufagia ghorofa ya tatu usiku,
Szeged, jengo la matofali, mto Tisza ukiwa umeganda chini,
na shada lake la funguo amelivika soksi:
soksi ya sufu ya mumewe, yenye tobo kwenye kidole gumba.
Aliambiwa tangu siku ya kwanza: humu chuma hakilii.

Alisahau mara moja tu, Februari.
Funguo zikapiga sakafu, chwaa!
na katika kizimba cha kumi na saba panya mweupe
akatimka, akazizunguka kuta kama anayefukuzwa,
akaanguka ubavu, miguu ikipiga hewa.
Kizimba cha pili waliendelea kutafuna.

Bulcsú, kijana wa zamu, hakumkemea.
Alichora nyuma ya risiti ya supu ya samaki:
"Mlio wenyewe hauingii kichwani, mama. Hufia mlangoni.
Ndani ya sikio kuna ganda la konokono lenye maji,
na vinyweleo vya kuinama. Kinapoinama kimoja,
seli yake humwaga punje za glutamati
kwenye ufa ambao hata kalamu hii haiwezi kuuchora.
Ng'ambo kuna mpokeaji. Naye huwaka, naye humwagia mwenzake.
Hivyo ndivyo funguo zinavyofika ubongoni:
kwa kumwagiana."

"Na nani husema basi?"

"Gaba," alisema. "Kemikali nyingine. Yenyewe huzima.
Huyu kazaliwa na basi chache."

Panya akaamka, akajifuta uso kwa mikono miwili.
Piroska akaona haya, kama aliyechungulia mtu akilia.

Lugha yangu husema sikio halipiti kichwa.
Ödön hajui lugha yangu, lakini saa tisa za usiku
huketi kitandani na kuuliza nani kaweka birika jikoni.
Hakuna birika. Miaka thelathini aligonga misumari ya matangi,
vinyweleo vikalala kama nyasi zilizokanyagwa, havikuinuka,
na kichwa, kikikosa habari kutoka mlangoni,
kikaanza kusikiliza kwa nguvu, kwa nguvu zaidi,
hata kikasikia kusikiliza kwake chenyewe.

Hili Bulcsú hakulichora.
Piroska alilipata mwenyewe, kwenye tramu ya mwisho,
kidole chake kikifuata mistari ya risiti:
huku anayemwaga, huku anayepokea,
na pembeni, kwa maandishi madogo, basi.

Sasa humwekea redio katikati ya stesheni mbili,
mvumo mtupu, wa chini, kama mtu anayepepeta unga.
Siku nyingine husaidia.
Siku nyingine Ödön huzima redio na kuapiza.

Jumapili hufua soksi.
Jumatatu asubuhi bado mbichi,
basi huenda kazini na funguo kiganjani,
amezikaza moja moja kati ya vidole.