Nani?

Fundi Nampoto aliondoka saa kumi na moja,
vumbi la mninga kwenye kope,
akaniachia mlango mpya umesimama
na, kuuzunguka wote, hewa.

Juu, kidole kimoja. Ubavuni, viwili.
Chini, karibu na bawaba ya mwisho, ngumi nzima ya mtoto.
"Mlango haujakosea," alisema, akiikunja timazi.
"Ukuta nao haujakosea, baba yako aliujenga kwa jicho.
Kazi iko katikati yao."
Na katikati, aliongeza, ni elfu arobaini nyingine.

Wahenga walituambia tuzibe ufa.
Hawakutuambia bei.

Newala, Juni. Upepo unapanda kutoka Shimo la Mungu
kama mdai anayeijua nyumba:
haupigi hodi, unajipenyeza ubavuni mwa fremu,
unazima koroboi, unaingia kifuani mwa mama
na humo unakohoa hadi alfajiri.
Pesa ya korosho ilikwishia kwenye mbao.
Nikaziba kwa nilivyokuwa navyo.

Kwanza sufi, niliyoitoa kwenye mto wa marehemu baba;
ilikuwa bado na umbo la kichwa chake.
Nikaisukuma kwa mpini wa kijiko, taratibu.
Usishindilie, fundi alinionya,
kinachozuia baridi si sufi,
ni hewa iliyolala ndani ya sufi;
ukiikandamiza inaamka, inaondoka.
Kisha gunia la korosho, nimelifumua nyuzi nyuzi.
Kisha udongo mwekundu na kopo la saruji ya kuomba kwa Chinduli,
nikaupiga kwa kiganja, nikaulainisha kwa kitako cha chupa.
Chini ya ubao, utepe wa mpira wa baiskeli,
misumari ya viatu kumi na tisa.
Wa ishirini ulipinda.

Ila ule upenyo mwingine, baina ya ubao na fremu, sikuugusa.
Fundi alikuwa amepitisha sarafu ya mia mbili humo, juu hadi chini,
haikukwama, haikuchezacheza.
"Mti haujui kwamba umekufa," alisema.
"Masika ikifika utakunywa, utanenepa.
Uachie pa kunenepea,
la sivyo Machi mtakuwa mnatokea dirishani."

Usiku tukajaribu. Mimi nje na tochi,
namulika kingo pole pole,
mama ndani, gizani.
"Hapa naona nyota."
Nikaweka udongo.
"Hapa naona uzi."
Udongo.
"Na hapa?"
Kimya.
"Mama, hapa?"
"Sioni kitu," akajibu, na sauti yake ilitoka mbali,
kana kwamba nimemhamishia Masasi.

Hapo ndipo alipoanza kunung'unika.
Mlango wa zamani ulikuwa ukimwonyesha miguu.
Ndala ya kijani: Somoe, anakuja kuomba chumvi.
Kisigino chenye nyufa: Nakutepa na maneno yake.
Viatu vyeusi visivyosogea: mkusanya michango,
na hapo mama huwa hayupo.
Kijiji kizima alikijua kutoka kifundo kushuka chini.
"Na alfajiri," alisema, "ilikuwa inaniingilia pale, penye bawaba.
Sasa nani ataniambia kumekucha?"

Hakuna aliyemwambia.
Alilala hadi saa tatu, bila kikohozi hata kimoja.
Mimi nilikuwa nimeshakwenda shambani,
jua limepanda, ming'oko ya majirani imeiva na kuliwa,
na Somoe, asiyeona moshi wala kusikia kifua,
akaingiwa na hofu, akaja mbio,
akaupiga mlango kwa kiganja kizima.

Ubao ukaitikia kwa sauti nzito, ngeni.
Na mama, katika mwaka wa sabini na moja wa umri wake,
akaketi kitandani, akajifunga kanga vizuri,
akavuta pumzi, yote, hadi chini,
akauliza kwa sauti ya mwenye nyumba:
"Nani?"