Ukurasa wa Karanga

Kitabu cha shule kilitupa mstari mmoja:
*Pemba: karafuu. Tazama Unguja.*
Tukatazama Unguja, ukurasa kwa ukurasa,
majumba, minara, milango ya misumari,
picha ya saa kubwa iliyosimama.
Kengeja haimo.
Mwalimu akasema haya, fungeni vitabu,
nasi tukavifunga,
mie kwa miaka thelathini na miwili.

Juzi, dukani kwa Shaame Ngwali,
karanga za mia tano,
zimefungwa karatasi ya rangi ya chai iliyolala.
Nishatafuna nusu, nishalamba chumvi kidoleni,
ndipo wino ukanitazama:
zambarau, mwandiko wa kuinama,
mwandiko wa mtu aliyechapwa ili aandike hivyo.

*Mize bt. Kombo, Mwambe.
Karafuu mbichi, pishi nne.
Kakatwa kibaba: makonyo.*

Nikanunua tena. Na tena.
"Leo una wageni?" kauliza Shaame.
Ninao, nikamwambia,
wengi, na hakuna aliyewakaribisha kukaa.

*Faki Shaali. Hakuja: maziko.*
*Mtoto wa Mgeni, pishi moja.* Jina hakuandikwa,
pishi imeandikwa.
*Hamadi wa Chokocho, kaanguka mtini.
Pishi mbili. Kalipwa moja.*

Tumbo likaniuma hadi usiku,
nimelala katikati ya watu na maganda.

Asubuhi nikazunguka na karatasi zangu zenye mafuta.
Fundi Mbwana hakuinua mguu kwenye cherehani:
Mize? Si yule aliyekalia mizani!
Bi Riziki akamkatiza kutoka uani:
mizani ipi, we Mbwana, ulikuwapo?
Alimwaga gunia zima kizingitini kwa karani,
akalikanyaga na kulikanyaga
mpaka mji ukanuka harusi.
Na kule Mtambile, mjukuu wake, muuza vocha,
hakutaka hata kuishika karatasi.
Bibi hakuwa mkorofi, akasema.
Alidai kibaba chake.
Nyinyi ndio mnaoita ukorofi.

Nikarudi kwa Shaame. Karanga ya kumi na moja,
sikuila, niliimwaga mfukoni:

*Ijumaa. Mtu mmoja mizanini.
Frasila tatu na ratli sita.
Kaombwa kushuka, hakushuka.
Magharibi: kibaba kimoja, karudishiwa.*

Nikakaa juu ya kreti la soda.
Karani wa watu, sijui jina lako,
uliyekata vibaba kwa mkono huohuo,
nani alikutuma umpime?
Au ulipomwona pale juu, miguu inaning'inia,
ukaogopa kuacha mstari mtupu?

Chini yake, kalamu imekazwa zaidi:
*Jumamosi. Wamekuja wanawake wa Kiwani na*
hapo karatasi imechanwa,
imechanwa kwa meno, nadhani,
meno ya mwenye njaa, simlaumu.

"Madaftari yenyewe yako wapi?"
Shaame kajikuna. Yalikuwa mawili.
Moja ndilo hilo, unalimaliza wewe.
La pili kalinunua kijana mmoja wa Mkoani,
anauzia abiria gatini, wanaosubiri meli.

Basi wewe uliyekuwa gatini Jumanne,
mwenye begi la bluu au mwenye mtoto mgongoni,
uliyetafuna, ukakunja, ukatupa
kwa sababu meli ilikuwa imeshapiga honi,
sikudai kitu. Nataka kujua tu
walikuwa wangapi,
na kama ile mizani iliwabeba wote.

Kumbuka. Wino wa zambarau.
Herufi zimelalia upande mmoja,
kama mtu aliyeweka sikio mlangoni.