Pambizoni mwa Fomu

Nje ya kliniki ya Mabela lami inang'ang'ania viatu,
nyuzi arubaini na sita, na saa tatu haijagonga.
Ndani, kwa ajili ya kiyoyozi, Bi Shinuna binti Mbaruku
amevaa glavu za sufu. Anazivua kidole kimoja kimoja
kama anayemenya kitu chenye mbegu.
"Baridi yabisi," ananicheka. "Huku!
Aliyeipa jina hakuwahi kufika Omani."

Kwetu yeye ni sifuri-moja-saba.
Jina lake halitakiwi kwenye karatasi zangu.
Kompyuta ya mbali ilimpigia kura mwezi wa Rajabu:
kidonge chenye dawa, au kidonge kitupu,
vyote vyeupe, vyote na mkato katikati.
Yeye hajui, mimi sijui, daktari hajui,
tumefungwa kitambaa machoni sote
tukishikana mikono kuelekea wiki ya ishirini na nne.

Nabonyeza viungo ishirini na nane.
Bega. Kiwiko. Kifundo cha mkono.
Halafu vidole, vilivyoinama upande mmoja
kama watu wanaosikiliza mlangoni.
"Hapa panauma?"
"Bonyeza tu."
"Na hapa?"
"Umeshabonyeza, sasa waniuliza nini?"
Naandika: ndiyo.

"Tangu sifuri mpaka kumi, maumivu ni ngapi?"
Fomu imekuja kwa Kiarabu na Kiingereza,
mimi namgeuzia kwa Kiswahili cha jikoni kwa mama.
"Hiyo kumi ni nini?"
"Maumivu makubwa kuliko yote unayoweza kuyafikiri."
Ananyamaza. Kiyoyozi kinadondosha tone.
"Niandikie nne," anasema.
"Nimeshazika watoto wawili."

"Asubuhi, mkakamao unachukua dakika ngapi?"
Hana dakika. Ana vitobo.
Anashona kofia za mkono: kitobo, uzi uzunguke,
kaza, kitobo kingine.
Zamani sabini kwa siku, na mchuzi uko motoni.
Sasa kila jioni anaandika idadi kwa penseli
pambizoni mwa shajara tuliyompa,
pale pasipoulizwa chochote:
12. 9. 9. 0. 14.
Wiki ya kumi na sita: 31.

Swali likarudi kutoka ofisi ya takwimu
na alama nyekundu ubavuni:
*Hii 31 ni nini? Ni kipimo gani?*
Nikajibu nilivyofunzwa: *Haihusiki. Ifutwe.*
Nikatia sahihi, tarehe, saa na dakika.

Usiku ule nilitoa kabatini kofia ya marehemu baba.
Nikahesabu. Nilifika mia nne na kitu,
nikapotea, nikaanza upya,
mpaka mume wangu akauliza natafuta nini.

Wiki ya ishirini na nne amekuja na halua kwenye kopo.
"Haya. Kilikuwa kipi?"
"Bado, Bi Shinuna. Mpaka wa mwisho amalize,
wako wengine Sohari, Salala, mpaka Kuweti."
"Na kama miezi yote hii nilikuwa mla unga?"
Akalicheka neno lake mwenyewe, kisha akaacha kucheka.
Nikaanza maneno ya fomu: mchango wako katika elimu…
Akanikata.
"Najua. Lazima awepo wa kumeza bure,
asipokuwepo, dawa ataiamini nani?
Lakini ile thelathini na moja,
ile si dawa, si unga. Ile niliishona mimi.
Umeiandika?"

Nikatazama kioo cha kompyuta.
Chini kabisa kuna kisanduku kimoja
ambacho sijapata kukijaza kwa mgonjwa yeyote:
*Maoni mengine. Herufi zisizidi hamsini.*

Akavaa glavu yake ya kulia, taratibu, akingoja.
Nikaanza kuhesabu herufi.