Dakika Tisa

Ubavuni mwa kanda, kwa wino wa kijani,
mwandiko wa babangu: PICHA YA DIRISHA. USIFUTE.
Jina lake la kweli hakuna tena nyumbani anayelijua.
Kava lilibaki Ruwi, katika ile fleti juu ya duka la mashuka,
pamoja na pasi, na funguo mbili zisizo kufuli.

Mashine nimeipeleka kwa Sasidharan,
kichochoro cha pili nyuma ya stendi ya teksi.
"Mama, hii ni marehemu," kaniambia kwa Kiarabu cha kuokoteza,
"naifufua kwa siku chache tu."
Akapuliza vumbi, akapaka spiriti. Riali nne.

Basi Alhamisi usiku
(kwetu Alhamisi ni Alhamisi,
serikali na ihamishe mapumziko ipendavyo)
nimekaa sebuleni, Mabela, miguu juu ya stuli,
sahani ya mbegu za tikiti mapajani,
taa nimezima.

Chenga kwanza. Kisha muziki uliopinda.
Kisha stesheni, nyeusi na nyeupe, Misri ya zama hizo,
na yule mwanamke dirishani anayengoja treni.
Nilipokuwa na miaka kumi na mitatu nilimlilia yeye.
Nilipoolewa nikamlilia stelingi.
Leo nimeshikwa na mchuuzi wa maji
anayekatiza nyuma yao mara mbili, mtungi uleule,
kijana mwembamba, kanzu fupi.
Nani alimlipa? Alikula nini siku ile?

Mwanamke ananyoosha mkono kwenye komeo la dirisha, na hapo hapo
mpira.

Kombe la Ghuba. Jezi nyekundu, mtangazaji anakaukiwa na sauti.
Kakangu Azzan ndiye aliyebonyeza kitufe bila kutazama ubavu.
Dakika tisa.
Baba hakumpiga. Alisimama mbele ya televisheni,
shuka kiunoni, na tangu siku ile
kila tukifika pale aliupunguza sauti mpira,
akatusimulia yeye.

"Sasa anafungua. Treni imesimama.
Stelingi anashuka kichwa wazi, hana kofia,
anampa barua. Barua ina mstari mmoja."
Mstari gani, baba?
"Huo hauonyeshwi. Watu wa picha wana adabu zao."
Na nyuma ya kiwiko chake mtu anakosa penalti.

Nimeishi na barua ile miaka thelathini na mitano.

Mwezi uliopita Ghaniya, binti wa Azzan, kaniletea
picha nzima, imesafishwa, haina mkwaruzo,
vifungo vya koti unaweza kuvihesabu.
Nikajiweka sawa. Nikafika pale.

Dirisha halifunguliwi.
Treni haisimami; inapita, dakika nzima ya mabehewa.
Kisha mwanamke anakaa, anatunga uzi,
anashona kitu kidogo cheupe,
anashona,
mwanga unahama kutoka begani hadi gotini,
bado anashona.
Barua hakuna. Stelingi haonekani kamwe.

Ni kazi ya fundi, sikatai. Nilishika kichwa.
Picha nimezitazama nyingi, na pale pana mkono wa mtu
asiyeogopa kunyamaza.

Lakini baba alikwisha kuiona nzima, kabla ya Azzan na kitufe chake.
Alijua.

Aliondoka Unguja usiku, hakumuaga mtu.
Mamake, wanasema, alikuwa mshonaji wa kofia za viua,
na moja aliiacha nusu.

Sikumuuliza. Ningemuuliza nini? Nilidhani ni sinema.

Usiku huu nimeirudisha ile mbovu.
Muziki umepinda, mchuuzi kapita, kapita tena.
Mkono unaelekea komeo.
Nimeupunguza sauti mpira, nimesimama
mbele ya kioo na kanga yangu ya kulalia,
maganda ya mbegu yanaanguka zuliani.
"Sasa," nasema, na kiyoyozi kinanguruma peke yake,
"anafungua."

Jezi nyekundu anauweka mpira kwenye alama,
anarudi nyuma hatua nne.
Atakosa. Namjua.